Mficha Uchi Hazai: Mhasibu wa Baroda na Picha Zake

Mtu mzima amesimama uchi kwenye roshani. Ametupa mgongo, ameegemea ukingo, anatazama mtaa. Chini yake jioni inaingia. Baba na mwanawe wanapita na punda wao. Sogeza jicho kidogo, unawaona tena wale wale na punda yule yule, wamefika hatua nyingine ya safari. Picha ni ya rangi ya mafuta juu ya kanvasi ya mraba, karibu sentimita 176 kila upande. Ilichorwa mwaka 1981 katika mji wa Baroda, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Jina lake ni "Huwezi Kuwaridhisha Wote".

Hadithi ya punda huyo ni kongwe. Huhesabiwa miongoni mwa ngano za Aesop, na Waarabu huisimulia kwa jina la Juha. Baba na mwana wanamswaga punda kwenda sokoni. Watu wanawacheka: mna punda na mnatembea kwa miguu? Mwana anapanda. Watu wananung'unika: kijana hana adabu, mzee anachoka. Baba anapanda. Watu wanalaumu: baba gani huyu asiyemhurumia mtoto? Wanapanda wote wawili. Watu wanamlilia punda. Mwishowe wanambeba punda mabegani, na huko ndiko wanakompoteza. Funzo lake linajulikana na kila aliyewahi kukaa barazani: ukiishi kwa midomo ya watu, utakosa mtu na punda.

Lakini katika ngano ya Aesop hakuna mwanamume aliye uchi juu ya roshani. Huyo aliongezwa na mchoraji, na mtu huyo ni mchoraji mwenyewe, Bhupen Khakhar, mhasibu wa kulipwa aliyekuwa akishika burashi kila alipofunga daftari za hesabu. Kwa picha hiyo aliieleza dunia kwamba anapenda wanaume. Historia ya namna alivyofika kwenye roshani ile ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo wachoraji wa leo, kutoka Lahore hadi Nairobi, bado wanaliuliza: mtu aliyefundishwa tangu utotoni kujificha hujifunzaje kuonekana?

Tumaini la nyumba

Bhupen Khakhar alizaliwa tarehe 10 Machi 1934 katika mji uitwao leo Mumbai. Familia yake ilizungumza Kigujarati na kuishi Khetwadi, mtaa wa watu wa kipato cha kati na cha chini, wenye ngazi nyembamba na majirani wanaojua kila chungu kilichowekwa jikoni. Alikuwa kitindamimba wa watoto wanne. Baba yake alifariki Bhupen akiwa bado mtoto mdogo, na mama akabaki na mzigo wa kulea.

Katika nyumba ya namna hiyo mtoto anayefanya vizuri shuleni hana umiliki wa maisha yake peke yake. Yeye ni akiba ya wote. Bhupen alikuwa wa kwanza katika familia yake kuingia chuo kikuu cha Bombay. Alisoma uchumi na biashara, akafuzu kuwa mhasibu. Wahindi wa tabaka la kati walikuwa na imani na kazi hiyo: ina heshima, ina mshahara, na humpatia kijana mke kutoka familia nzuri.

Kijana alitimiza yote ila hilo la mwisho. Mwaka 1958 alikutana na Gulammohammed Sheikh, mchoraji na mshairi kijana wa Kigujarati, aliyemwambia juu ya kitivo kipya cha sanaa huko Baroda. Kitivo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1950 ndani ya Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao, kilikuwa kinawakusanya vijana waliotaka sanaa ya India iliyokuwa huru, isiyoiga London wala Paris na isiyojifungia katika hekalu la kale. Mwaka 1962 Khakhar akaiacha Bombay. Hakuingia darasa la uchoraji. Alijiunga na masomo ya uhakiki wa sanaa, na mkono wake akaufundisha mwenyewe.

Hakuacha uhasibu. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya hesabu kwa saa chache katika kampuni moja ya Baroda, na muda uliobaki akachora. Ninaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Mhasibu ni mtu aliyefunzwa kwamba kila kilichoingia na kila kilichotoka lazima kiandikwe. Shilingi moja ikifichwa, mizania haifungi. Mtu mwenye mafunzo hayo alikuwa akirudi nyumbani kila siku akiwa na jambo moja ambalo hajaliandika popote.

Fundi saa, kinyozi, fundi cherehani

Kazi zake za kwanza, zilizoonyeshwa Bombay mwaka 1965, zilitengenezwa kwa picha za miungu zile za bei rahisi zinazouzwa sokoni na kutundikwa madukani. Alizikata, akazibandika, akazichorea juu. Waliozoea sanaa ya heshima walishangaa: hii ni takataka ya mitaani. Khakhar aliipenda takataka hiyo. Alipenda kalenda za ukutani, mabango ya sinema, vibao vya maduka, picha za studio ambamo watu wa kawaida huvaa suti ya kuazima na kusimama mbele ya bustani ya kuchorwa. Alipenda pia kazi za wale wachoraji wa Kihindi wa karne ya 18 na 19 waliochora mafundi na wachuuzi wa India kwa ajili ya wakubwa wa Kiingereza.

Kuanzia mwaka 1972 mapenzi hayo yakazaa picha ambazo mpaka leo wengi huzihesabu miongoni mwa zilizo bora katika uchoraji wa India: fundi saa ndani ya kibanda chake, fundi cherehani, kinyozi na mteja wake. Rangi zake ni kali na safi kama peremende. Kila mmoja amezungukwa na vitu vya kazi yake, navyo vimechorwa kwa uangalifu ule ule aliochorewa mwenye duka. Nyuso hazicheki. Ni za watu wanaotazamwa kwa mara ya kwanza na hawajui wafanye nini na macho ya mtazamaji.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kutafsiriwa picha hizi. Maneno "laki" na "gari" yenyewe yalivuka bahari kutoka India. Kutoka Kutch, Porbandar, Jamnagar na Surat walikuja Unguja, Mombasa na bara wafanyabiashara wa nguo, mafundi na makarani, na wakaacha alama mpaka katika kanga: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa hubeba maneno "Mali ya Abdulla" hadi leo. Aliyewahi kusimama mtoto mbele ya kaunta ya mbao, akimsubiri mwenye duka amalize kuandika kwenye daftari refu, amewahi kuingia ndani ya picha ya Khakhar.

Kabla ya hapo wachoraji wa India walikuwa wamewachora wakulima, kwa sababu mkulima alikuwa ishara ya taifa. Walikuwa wamechora miungu na wafalme. Mtu wa tabaka la kati la chini, mwenye mashati mawili na saa ya mkononi, hakuwa ishara ya kitu chochote. Hakuonekana. Khakhar alimwonyesha bila kumhurumia kwa juu juu na bila kumcheka. Miaka hiyo yote, akichora wanaume walioketi peke yao madukani, vitandani, mezani, alikuwa akifanya mazoezi ya jicho. Mwaka 1975 alichora mwanamume aliyeshika shada la maua ya plastiki, uso wake umejaa utupu, na kuzunguka pembeni mwake vipande vidogo vya maisha ya nyumbani. Maua hayo ni ya nani? Anampelekea nani? Picha haisemi. Mchoraji bado alikuwa hajasema.

Sheria iliyovuka bahari

Kunyamaza kwake kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyopitishwa na Waingereza mwaka 1860, ilikuwa na kifungu cha 377, kilichoharamisha tendo la ndoa lililoitwa kinyume cha maumbile na kuliwekea adhabu hadi kifungo cha maisha. Waingereza waliondoka India mwaka 1947, kifungu kikabaki.

Kifungu hicho kina ukoo na sisi. Uingereza ilipotandaza utawala wake pwani ya Afrika Mashariki, sheria za India ndizo zilizopandishwa melini na kutumika huku. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipopewa kanuni zao za adhabu, zilirithi makatazo ya mtindo ule ule, na sheria hizo ziko vitabuni hadi leo. Watu wengi wa pande zetu huamini kwamba kuwapenda watu wa jinsia yako ni jambo lililoletwa kutoka nje. Kumbukumbu za mahakama na bunge zinaonyesha kwa uhakika kwamba kilicholetwa kwa meli, kwa tarehe na kwa saini, kilikuwa ni adhabu.

Sababu ya pili ilikuwa na nguvu kuliko sheria: mama. Askari huenda asigonge mlango kamwe, lakini mama yake aliuona uso wake. Mjane aliyemsomesha, ndugu waliojinyima, majirani wa Khetwadi waliosema "yule amefika", hao wote walikuwa wameketi ndani ya kichwa chake kama baraza la wazee. Anayeishi katika jamii zetu anaujua uzito huo. Aibu huku haiwi ya mtu mmoja. Ikimwagika, inalowesha ukoo mzima.

Tena kulikuwa na tatizo la maneno. Kiswahili chenyewe ni mfano. "Shoga" ni neno ambalo wanawake huitana kwa upendo, rafiki kwa rafiki, na papo hapo hutupwa kama jiwe kwa mwanamume. Mengine tuliyo nayo ni matusi matupu, na "wapenzi wa jinsia moja" lina sauti ya ripoti ya ofisini. Mtu akikosa neno la kujiita, hubaki na njia chache za kujieleza. Mmoja akiimba, mwingine hucheza. Khakhar alikuwa na rangi, ila ilimbidi atafute rangi hizo ziseme vipi.

Baridi ya Uingereza

Mwaka 1976 alisafiri nje ya India kwa mara ya kwanza, akapita Urusi ya Kisovieti, Yugoslavia, Italia na Uingereza. Italia ilimpa zawadi ya kazi: wachoraji wa kale wa mji wa Siena, ambao katika ubao mmoja walisimulia hadithi nzima, mtu yule yule akitokea mara tatu au nne kadiri safari inavyoendelea. Wachoraji wa India ya zamani nao walifanya hivyo. Khakhar akaona kwamba picha yaweza kuwa mji, na mtazamaji akapewa miguu ya kutembea ndani yake.

Mwaka 1979 alirudi Uingereza, akafundisha katika chuo cha sanaa cha Bath huko Corsham na kukaa kwa rafiki yake, mchoraji Howard Hodgkin. Hodgkin alikuwa na mke na watoto kabla ya kukiri kwamba anapenda wanaume. Khakhar aliona watu wazima, wenye kazi na heshima zao, wakiishi wanaume wawili nyumba moja, wakinunua mkate, wakialika wageni. Mwaka 1967 bunge lilikuwa limelegeza sheria huko England na Wales. David Hockney alikuwa amechora wanaume wapendanao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati sheria ile bado ina makali, na dunia haikuwa imeanguka.

Lakini Khakhar hakurudi akiwa ameisifu Ulaya. Picha aliyoichora kutokana na safari hiyo, ya mwanamume katika baa ya Kiingereza, ni picha ya ubaridi: mtu mmoja peke yake, amejikunyata, na pembeni vijidirisha vya maisha yake ya kila siku. Uhuru aliuona, na upweke aliuona vile vile. Hakutaka kununua mmoja kwa bei ya mwingine. Alitaka kupenda akiwa Baroda, kwa Kigujarati, katikati ya majirani, harufu ya chai na kelele za mtaa. Hilo lilimaanisha kwamba kusema kwake kusingeweza kunakiliwa kutoka kwa Hockney. Ilibidi lugha yake aichimbe alipozaliwa.

Mwaka 1980 mama yake alifariki.

Roshani

Mwaka uliofuata akachora "Huwezi Kuwaridhisha Wote". Ni vigumu kusoma tarehe hizo mbili zikiwa jirani bila kuhisi kitu. Kuna watu wanaosema alisubiri kwa woga. Mimi naona mtoto aliyempenda mama yake kiasi cha kuubeba mzigo huo kwa miaka 46, na alipouweka chini, aliuweka mbele ya watu wote.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Ukitaka kizazi, huna budi kuvua nguo mbele ya mtu. Ukitaka tiba, huna budi kumwonyesha mganga kidonda. Methali hiyo inaufaa uchi wa mtu wa roshani, kwa sababu uchi huo haufanani na ule uliozoeleka katika uchoraji wa Ulaya, wa mwanamke aliyelazwa kitandani ili atamaniwe. Mtu huyu hakulazwa. Ana mwili wa mtu wa makamo anayekula vizuri na kukaa sana kwenye kiti. Yuko nyumbani kwake, kama anavyokuwa mtu yeyote usiku wa joto. Kilichovuliwa hapo ni woga.

Mwaka huo huo wa 1981 Khakhar alishiriki na Gulammohammed Sheikh, Nalini Malani, Vivan Sundaram, Sudhir Patwardhan na Jogen Chowdhury katika maonyesho yaliyoitwa "Mahali pa Watu", Bombay na Delhi. Wasanii sita hao walikuwa wakidai kwamba uchoraji wa India umrudie binadamu, na hadithi ya binadamu, baada ya miaka mingi ya picha za maumbo matupu. Mhakiki Geeta Kapur aliwaandikia insha ya kuwatetea. Harakati hiyo ilihusu watu wote: wafanyakazi, wanawake, wakazi wa vichochoro. Ndani yake Khakhar akapata nafasi ya kuwaleta watu ambao hata wapenda haki walikuwa hawajawahesabu.

Benares

Mwaka 1982 akaenda mbali zaidi. "Wanaume Wawili Mjini Benares" inawaonyesha wanaume wawili watu wazima, uchi, wamekumbatiana upande mmoja wa picha katika giza la samawati, na miili yao haifichi kwamba wanatamaniana. Sehemu iliyobaki ni Benares, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganges: mahekalu, waja wanaosali, masikini na watawa, kila mmoja katika kijisehemu chake akishughulika na lake.

Kwa nini aliwaweka pale, mahali patakatifu kuliko pote? Anayetafuta kashfa ataiona kashfa. Lakini Khakhar hakuwa mtu wa kuitukana dini aliyokulia. Watu wa imani ya mungu Krishna, iliyotia mizizi Gujarat, wana mila ndefu ya mja wa kiume kujihesabu kuwa mwanamke, mpenzi au shoga wa kike wa Radha mpenzi wa Krishna, anayemtamani Mungu kwa hamu ya bibi harusi. Hamu hiyo huimbwa, huchezwa, huvikwa nguo na vipodozi. Baadaye, mwaka 1995, Khakhar alichora picha yenye jina la hali hiyo ya ibada, "Sakhibhav". Alichokiona ni kwamba imani yake ilikuwa tayari na chumba chenye nafasi kwa mwanamume mwenye moyo wa namna yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuufungua mlango. Wanaume wa Benares hawauvamii mji mtakatifu. Wanashikana kando ya mto ambako watu huja kuoshwa na kuchomwa, kwa sababu mapenzi nayo ni miongoni mwa mambo ambayo mtu huyapeleka mbele ya Mungu wake kabla hajafa.

Katika miaka iliyofuata, wanaume aliowapenda walionekana picha baada ya picha. Wengi walikuwa wamemzidi umri: wazee wenye mvi, wenye matumbo, wenye meno machache. Hapo ndipo alipowaacha mbali wachoraji wengi wa Ulaya na Marekani, waliochora tamaa kwa miili ya vijana warembo kando ya mabwawa ya kuogelea. Khakhar aliichora huruma iliyo ndani ya tamaa. Mzee ana mwili unaouma. Anayempenda humkanda miguu, humnywesha dawa. Kwa Kigujarati kama kwa Kihindi, utumishi huo wa mapenzi huitwa "seva", neno linalotumika kwa Mungu na kwa wazazi. Wanaume wake wanashikana mikono, wanakaa karibu, wanasikilizana. Kwa miaka kumi alikuwa amemtazama fundi saa kwa subira mpaka ngozi yake ikawa na thamani. Sasa alimtazama mpenzi wake mzee kwa jicho lile lile. Nadhani asingeweza kuanza na la pili bila la kwanza.

Nishani mkono mmoja, kifungu mkono mwingine

Mwaka 1984 serikali ya India ilimtunuku Khakhar nishani ya Padma Shri. Taifa lilimheshimu kwa picha zake, huku sheria ya taifa lile lile ikiyaita mapenzi yaliyomo ndani ya picha hizo jinai. Mwaka 1992 kazi zake zilionyeshwa Kassel, Ujerumani, katika Documenta, moja ya maonyesho makubwa ya sanaa duniani. Mwaka 1995 alimchora mwandishi Salman Rushdie, ambaye katika riwaya aliyoitoa mwaka huo alimweka mhusika mhasibu aliye pia mchoraji, kwa mfano wa rafiki yake wa Baroda. Picha hiyo iko London, katika jumba la taifa la picha za watu. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Mwaka 1998 aliambiwa ana saratani ya tezi dume. Wengine wangeuficha ugonjwa wa sehemu hiyo kwa haya, yeye aliuchora. Miili ya picha zake za mwisho imefunguka, matumbo yako wazi, risasi zimepita, vyuma vinatoka ndani ya nyama. Mwaka 2002 jimbo lake la Gujarat lililipuka kwa machafuko ya kidini yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, wengi wao Waislamu, na ukatili wa nje ukakutana na maumivu ya ndani. Mtu aliyeichora miili ikipendana alimaliza maisha akiichora ikichanwa, kwa ukweli ule ule. Mwaka 2002 Madrid ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake katika makumbusho ya Reina Sofia. Tarehe 8 Agosti 2003 alifariki Baroda, akiwa na miaka 69. Kifungu cha 377 kilikuwa bado hai.

Hesabu inafungwa

Kifungu hicho kilikufa kwa tabu. Mwaka 2009 mahakama kuu ya Delhi iliamua kwamba watu wazima wanaokubaliana faraghani wasiadhibiwe. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya India ikautengua uamuzi huo, na watu waliokuwa wamekwisha kujitokeza mchana wakajikuta tena upande wa wahalifu. Hatimaye, tarehe 6 Septemba 2018, majaji watano wa mahakama hiyo hiyo walikubaliana kwa sauti moja kwamba sheria ya mwaka 1860 ilikuwa imevunja utu wa raia.

Kati ya hukumu hizo, mwaka 2016, jumba la Tate Modern la London lilifungua maonyesho makubwa ya Khakhar, likayapa jina la picha yake ya roshani, ambayo ni mali ya Tate. Wapo waliomsifu. Mhakiki mmoja wa gazeti la London alimponda, akamwona mchoraji dhaifu asiyestahili kuta zile, na wenzake wakajibu kwa hasira. Punda yule alikuwa bado anatembea. Mwezi Juni 2019, miezi tisa baada ya sheria kuanguka, "Wanaume Wawili Mjini Benares" ilipigwa mnada London ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.5, bei ambayo hakuna picha yake iliyokuwa imeifikia. Pesa si kipimo cha mapenzi. Hata hivyo ni mhasibu aliyeichora, na naamini angekubali kwamba kilichokuwa nje ya daftari sasa kimeandikwa.

Tangu hapo njia imepata wapitaji. Salman Toor, aliyezaliwa Lahore mwaka 1983, anachora vijana wa Kiasia wakicheza, wakikumbatiana, wakisubiri ukaguzi wa mipakani, katika mwanga wa kijani. Mwaka 2020 makumbusho ya Whitney ya New York yalimpa maonyesho yake mwenyewe. Pakistan, alikozaliwa, bado ina kifungu cha 377 chenye namba ile ile. Nairobi, mwaka 2017, msanii Kawira Mwirichia alitandaza kanga alizozibuni mwenyewe, kila moja ikibeba historia ya watu wapendao jinsia yao katika nchi mojawapo ya dunia. Alichagua kanga, nguo tunayombebea mtoto na kumfunikia maiti, nguo inayosema lile ambalo mdomo unaogopa. Khakhar alianza na picha za dukani na kalenda za ukutani. Kawira alianza na pindo na jina. Wote wawili walikataa kwenda ugenini kutafuta ruhusa ya kuwa wao.

Narudi kwenye roshani. Mara nyingi husemwa kwamba katika picha ile Khakhar alijionyesha. Ukisimama mbele yake kwa muda, utagundua kwamba macho yake hayakutazami. Hakutugeukia sisi, hatuombi tumkubali, wala hatutishi. Ametupa mgongo, anatazama mtaa wake na watu wake wanaolaumu na wanaolaumiwa, na punda wao. Wewe umesimama nyuma yake, mle chumbani, ukitazama anakotazama. Kwa dakika hizo una macho ya mtu ambaye sheria ilimwita mhalifu, na mtaa unaouona kwa macho hayo ni mtaa wa kawaida, wenye jioni nzuri.